UZI: Umepangiwa fizikia chuo kikuu? Kabla hujabadilisha kozi, soma hapa kuhusu nafasi za masomo na utafiti

#1 Nyuzi68 (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, PM yangu inajaa swali moja: "Kaka nimepangiwa fizikia, nibadilishe kozi?" Nimeona niweke jibu hadharani. Atakayefaidika afaidike, atakayebisha abishe kwa hoja.

Mimi nimesoma fizikia Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), digrii ya kwanza mpaka masta, na sasa niko Ulaya kwenye PhD. Sisemi kwa niaba ya idara wala chuo.

Wengi wanaiona Idara ya Fizikia kama njia ya kupata cheti cha ualimu basi. Unaingia, unapiga mekanika, unapiga umeme na usumaku, kwantamu unaipita kwa sala, unatoka, unasubiri tangazo la ajira za ualimu. Ualimu ni kazi ya heshima na shule zetu zina njaa ya walimu wa fizikia, sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba kwenye korido zile zile kuna maabara za utafiti, na mwanafunzi anazipita miaka mitatu mizima akiwahi semina bila kubisha hodi hata siku moja.

Nianze na ninachokijua vizuri, nishati ya jua na tabaka nyembamba. Kikundi hiki kina ushirikiano wa muda mrefu na Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, kupitia mpango wao wa kimataifa wa sayansi, ISP, ulioanza 1961. Mtindo wao unaitwa sandwichi: unasajiliwa nyumbani, unatengeneza sampuli zako nyumbani, unakwenda Uswidi miezi kadhaa kuzipima kwa mashine ambazo huku hazipo, unarudi kuandika. Baadhi ya walimu wanaokufundisha leo wamepita njia hiyo.

Wanatafiti nini? Nitoe mfano mmoja, na ndio ulionipa hili jina langu la humu. Kuna kitu kinaitwa vanadiamu dioksaidi. Ukikipaka kwenye kioo cha dirisha, tabaka nyembamba ya makumi ya nanomita tu, basi chini ya nyuzi 68 za Selsiasi kioo kinapitisha joto la jua. Kikizidi nyuzi 68, ile tabaka inageuka tabia na kuwa kama metali: mionzi ya infraredi, yaani ile ya joto, inazuiwa, lakini mwanga wa kuonea unaendelea kupita. Yaani dirisha linajifunga lenyewe kwa joto, bila pazia wala kiyoyozi. Tatizo ni kwamba nyuzi 68 ni nyingi mno, hata kwa dirisha la Dar mwezi wa pili. Kwa hiyo unachanganya tungsteni kidogo, na nyuzi zinashuka kuelekea joto la kawaida la chumba. Ukizidisha tungsteni, tofauti kati ya hali ya ubaridi na hali ya joto inafifia, dirisha linapoteza maana. Upate wapi uwiano? Hapo ndipo watu wanapopatia PhD.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Asubuhi unaosha vipande vya kioo kwa sabuni, halafu maji yaliyotoneshwa, halafu asetoni, na havishikwi tena kwa kidole maana mafuta ya ngozi yatakuumbua kwenye vipimo. Unavipanga ndani ya chemba, unafunga, unawasha pampu, unakaa kusubiri hewa itoke. Ikishatoka unaingiza gesi ya agoni na oksijeni kidogo sana, unawasha umeme, na kwenye kidirisha cha chemba unaona plazima, yaani gesi iliyochajiwa umeme, inang'aa zambarau. Oksijeni ikizidi kidogo tu unapata oksaidi nyingine ya vanadiamu, ya rangi ya njanonjano, isiyogeuka popote kwenye nyuzi 68. Unaanza upya.

Hiyo ni maabara moja. Kuna wanaopima mionzi ya asili kwenye udongo, maji na chakula, na nchi hii ina maeneo ya kazi hiyo. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ina urani kwa kiwango kinachojulikana kuwa kikubwa. Namtumbo kule Ruvuma kuna mradi wa urani wa Mto Mkuju, na anayetaka kujua mgodi umebadilisha nini lazima awe na vipimo vya kabla ya mgodi. Kuna hali ya hewa pia, ambayo pale Mlimani iko chini ya fizikia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inawahitaji watu hao.

Sasa mlango uko wapi? Mlango ni ile projekti ya mwaka wa tatu. Wengi wanaichukulia kama adhabu: wananakili ya mwaka juzi, wanabadilisha jina, wanafunga. Hiyo ndiyo nafasi kubwa ambapo mwalimu mtafiti atakufahamu kwa jina na kwa kazi. Karibu kila kitu nitakachokitaja chini, kuanzia skolashipu ya Trieste mpaka PhD ya Marekani, kinahitaji barua ya mapendekezo, na mtu hawezi kukuandikia barua ya maana kama anachokumbuka kwako ni namba ya usajili kwenye orodha ya mahudhurio. Msianze kutafuta skolashipu mtandaoni mkiwa mmeshavaa joho. Anzeni na mwalimu mmoja wa kuwafahamu mkiwa mwaka wa pili.

Naendelea, msijaze kurasa.

#2 kibarua_wa_Tegeta

Nimekaa pale kwenye kona na kahawa yangu. Tema madini mkuu.

#3 Nyuzi68

Haya, nje ya idara.

Mlango wa kwanza ni ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, Trieste, Italia. Kiliasisiwa 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyekuja kupata Nobeli 1979 pamoja na Glashow na Weinberg. Salam alikuwa amesoma Cambridge, akarudi Lahore 1951 kufundisha. Hakukuta maabara wala majarida wala mtu wa kubishana naye kuhusu fizikia ya chembe. Chuo kikamtaka achague jukumu la ziada, akaishia kusimamia klabu ya mpira wa miguu. Baada ya miaka mitatu akarudi Uingereza, na lile jambo la kulazimika kuchagua kati ya nchi yake na fizikia likamkaa rohoni. ICTP aliianzisha ili mtu wa kwetu aweze kwenda, akachota, akarudi kwake. Ndiyo maana mpaka leo nafasi zake nyingi zinalenga nchi zinazoendelea.

Kwa mhitimu wa digrii ya kwanza, jambo la kuangalia ni Diploma yao ya uzamili, ya mwaka mmoja. Msidanganyike na jina diploma, haihusiani na diploma za vyuo vya kati. Ni mwaka wa mateso: madarasa mfululizo, mitihani, halafu miezi ya mwisho unaandika tasnifu. Unachagua fizikia ya chembe na kosmolojia, maada mango, hisabati, mfumo wa dunia yaani hali ya hewa na matetemeko, au sayansi za maisha za kihesabu. Nauli, malazi na posho ni juu yao. Ukitoka humo na alama nzuri, vyuo vya Ulaya na Marekani wanalijua jina hilo, huna haja ya kujieleza sana.

Kwa aliyekwisha kusajiliwa PhD nyumbani wana mpango unaitwa STEP, wanaushirikisha na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki: unakwenda miezi michache kila mwaka kwa miaka mitatu, digrii inabaki ya chuo chako. Kwa anayetaka hospitali kuna masta ya fizikia ya tiba, wanaitoa na Chuo Kikuu cha Trieste, miaka miwili, ule wa pili uko wodini kwenye mashine zenyewe. Hii ya hospitali naomba muitilie maanani. Mashine ya kuchoma saratani kwa mionzi haiwashwi na daktari peke yake. Lazima awepo mwanafizikia wa kukokotoa dozi na kuhakiki kwamba mashine inatoa kile inachosema inatoa. Tanzania hospitali zenye huduma hiyo ni chache, Ocean Road na Bugando zikiwemo, na kila mashine mpya inayofungwa inadai mtu wa aina hiyo.

Wa pili uko jirani kabisa. Kigali kuna EAIFR, tawi la Afrika Mashariki la hiyo ICTP, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, tangu 2018. Wana masta na PhD. Kigali hiyo hiyo kuna AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, 2003. Masta yao inafadhiliwa na inachukua watu wa fizikia bila tatizo. Mtu anahangaika na viza ya Schengen wakati Kigali anafika kwa basi. Sielewi.

Na Arusha kuna chuo cha Nelson Mandela, ambako masta na PhD za maada na nishati zipo. Nitaishia hapo kwanza, nisikie maswali.

#4 Baba Recho

Mleta uzi, heshima yako. Mimi ni mzazi. Binti yangu ana PCM (fizikia, kemia na hesabu), amefaulu vizuri, amegoma kata kata kuomba uhandisi, anataka fizikia tupu. Mama yake analia. Nimesoma yote hapo juu na ni matamu, lakini nyumba haijengwi kwa vanadiamu. Akimaliza atakula nini? Nijibu kama mzazi mwenzako, usinijibu kama profesa.

#5 Jembe la Mkono

Baba Recho umeuliza swali la maana kuliko uzi mzima.

Nimesoma fizikia, chuo sikitaji. Nikahitimu na upper second yangu safi, nikakaa mtaani, nikafundisha tempo shule za binafsi kwa mshahara wa kumalizia nauli, sasa nauza vifaa vya sola Kariakoo. Hao mnaowaita watafiti, mwalimu wangu wa projekti nilimwona mara mbili: siku ya kupewa mada na siku ya kusaini. Hiyo barua ya mapendekezo ningeiomba kwa nani? Mleta uzi yuko Ulaya anakula jibini anatuambia tubishe hodi. Milango mingine ukibisha hodi hamna mtu ndani, wote wako kwenye warsha kufukuzia posho.

#6 Nyuzi68

Baba Recho, shikamoo.

Nakujibu kama kijana wako. Fizikia haina kazi yenye jina lake mlangoni kama uhandisi au udaktari, na asiyetaka kukwambia hivyo anakuficha. Bintiye mtu akisoma fizikia akakaa tu na cheti, atahangaika. Lakini akitoka na cheti na ujuzi mmoja wa mkononi (kuandika programu, kupima mionzi, kutengeneza elektroniki, kuchambua data za hali ya hewa) hali inakuwa tofauti. Kuna Tume ya Nguvu za Atomiki, kuna hospitali, Mamlaka ya Hali ya Hewa, Shirika la Viwango, benki zinazotafuta watu wa kuchambua data. Nafasi si nyingi kama za ualimu, ila na wanaozigombea wenye ujuzi huo si wengi.

Jambo la pili ni la kifedha. PhD ya fizikia Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya haulipii ada, unalipwa wewe. Marekani unaweza kuingia moja kwa moja na digrii ya kwanza bila masta: unafundisha mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza au unafanya kazi kwenye kikundi cha utafiti, wanakusamehe ada na kukupa posho ya kuishi. Ulaya kaskazini mwanafunzi wa PhD anahesabika mwajiriwa kabisa, ana mkataba na likizo. Kozi nyingi za pesa ambazo wazazi wanazipenda hazina hilo.

Na kwa hapa nyumbani, kama amefaulu vizuri sana kidato cha sita kwenye sayansi, angalia Samia Scholarship, inayogharamia digrii ya kwanza nzima. Majina hutolewa kutokana na matokeo, mfuatilie.

Jembe, pole, na sikubishii ulichokiona. Walimu wa aina hiyo wapo kila chuo. Dawa niliyoiona kwa wenzangu ni kutofungana na mwalimu uliyepangiwa. Hakuna sheria inayokataza kumfuata mwingine wa kikundi cha pili ukamwambia naomba nije Ijumaa mchana niwe naosha vioo. Mkufunzi wa maabara, yule fundi, pia msimdharau. Mara nyingi yeye ndiye anayejua funguo ziko wapi na mashine gani inafanya kazi kweli.

Jibini sili, lina harufu.

#7 TichaWaMekanika

Mmenikumbusha Mpemba, maana nafundisha fizikia sekondari na kila mwaka nawasimulia wanafunzi.

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba kule Lushoto, 1963, wanatengeneza aiskrimu. Akaweka mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake uliopoa. Akauliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar, Dk. Denis Osborne, Mpemba akanyanyua mkono akauliza swali lile lile mbele ya darasa. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, akarudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba ni kweli ya moto imeganda kwanza, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi!

Wakaandika makala pamoja, ikatoka 1969. Mpaka leo watu wanagombana. 2016 Waingereza walipima wakasema hawaoni ushahidi wa kuaminika. 2020 wengine wakaonyesha jambo linalofanana kwa chembe ndogo ndani ya maji zikisukumwa na leza, ikatoka kwenye *Nature*. Swali la mwanafunzi wa Lushoto hilo.

Ninachotaka kusema, Mpemba mwenyewe hakuishia kuwa mwanafizikia. Alikwenda Mweka kusomea wanyamapori. Mtoto mwenye swali kama lile, leo angebaki? Sina uhakika, na ndiyo maana uzi huu nimeuprinti nitaubandika ofisini.

#8 Jembe la Mkono

Fundi bwana. "Mpaka nipate jibu sahihi." Huyo angenifaa Kariakoo.

#9 Wekesa wa Kakamega

Hamjambo majirani. Niongeze ya upande wetu wa Kenya kwa sababu naona mnazungumzia maabara za mashine tu, na mashine ni ghali.

Mimi utafiti wangu wote wa uzamili nimeufanya kwa kompyuta ya mkononi. Kuna fani ya kukokotoa muundo wa elektroni ndani ya maada: unaieleza kompyuta atomi zimekaa vipi, inatatua milinganyo ya kwantamu kwa njia ya makadirio ya msongamano wa elektroni, inakwambia hiyo maada itakuwa ngumu kiasi gani, itapitisha umeme au la, itafyonza mwanga wa rangi gani. Yote kabla hujanunua gramu moja ya kemikali. Programu inaitwa Quantum ESPRESSO na ni ya bure, mizizi yake iko huko huko Trieste. Inahitaji Linux, ule mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, na uvumilivu. Mimi nilianza na silikoni kama kila mtu, atomi mbili tu kwenye seli, kompyuta inamaliza kabla chai haijapoa. Ukifika kwenye maada zenye atomi mia, kompyuta yako haitoshi. Hapo unaomba muda kwenye kituo cha kompyuta zenye nguvu cha Afrika Kusini, CHPC, Cape Town. Unatuma kazi kupitia intaneti, unalala, unaamka unakuta majibu.

Shule fupi ya fani hii Afrika ni ASESMA. Ilianza 2010 Cape Town, 2012 ikaja kwetu Eldoret, halafu Johannesburg, Addis Ababa na Kigali. Wiki mbili, unafundishwa na watu ambao majina yao umezoea kuyaona juu ya makala. Ukichaguliwa hulipi. Mwisho wa shule unabaki kwenye kikundi chenye mshauri, na hapo ndipo faida yenyewe ilipo.

Pia kuna Shule ya Fizikia ya Afrika, ASP, tangu 2010, kila baada ya miaka miwili nchi tofauti. Hiyo ni ya upana: chembe, mionzi, kompyuta, kila kitu.

Na kwa wapenda anga: watu husahau kwamba setilaiti ya kwanza duniani ya kutazama mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa Malindi, kutoka jukwaa la San Marco baharini, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeiongoza akapata Nobeli 2002. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaweka kijisetilaiti chake cha kwanza kwenye mzunguko, kikirushwa kutoka chumba cha Wajapani kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Kenya pia ni mshirika wa darubini kubwa ya redio, SKA, inayojengwa Karoo, Afrika Kusini. Vijana wa kwetu wamepata mafunzo kupitia mpango wa DARA wa Uingereza unaofundisha astronomia ya redio kwa nchi washirika. Tanzania haimo kwenye orodha hiyo, samahani majirani, lakini masta ya astronomia Afrika Kusini haiulizi hilo.

#10 Nyuzi68

Wekesa umeniokoa, hiyo ya kompyuta nilitaka kuiandika na nisingeweza kuiandika vizuri hivyo.

Nasisitiza kwa wanaosoma vyuo visivyo na maabara za kueleweka: Linux, Python (lugha ya kuandikia programu), Quantum ESPRESSO. Zote bure. Makala za fizikia zipo kwenye hifadhi ya mtandaoni ya arXiv tangu 1991, bure pia, huhitaji kuomba ruhusa ya maktaba. Chuo chako kinaweza kuwa hakina pampu hata moja na bado ukaandika makala.

#11 Mwana Lubumbashi

Salamu toka Katanga. Sisi huku tunasoma kwa Kifaransa. Congo ndiko mtambo wa kwanza wa nyuklia Afrika ulijengwa, Kinshasa, 1959, pale chuo cha Lovanium, lakini leo mwanafunzi wa fizikia hapa anafundishwa nyuklia kwa chaki. Je, hizo nafasi zinatukubali bila Kiingereza?

#12 Wekesa wa Kakamega

Ndugu, Kiingereza utakihitaji Trieste na Kigali, hilo halikwepeki. Lakini angalia AIMS Senegal na AIMS Cameroon, nchi zenyewe ni za Kifaransa na wanakusaidia na lugha ukifika. ASP pia imewahi kufanyika Dakar. Fizikia yenyewe ni milinganyo, wengi walifika na Kiingereza cha kuombea maji wakamaliza.

#13 Recho mwenyewe

Jamani baba kaniletea simu nisome. 😂 Maswali mawili. Moja, mimi ni msichana, naambiwa darasani tutakuwa wachache, kuna nafasi za wasichana? Mbili, mwaka wa kwanza nifanye nini hasa, maana projekti ni mwaka wa tatu.

#14 Nyuzi68

Karibu Recho. Mwambie mama aache kulia.

Wasichana mtakuwa wachache, kweli. Lipo shirika linaitwa OWSD, la wanawake wa sayansi wa nchi zinazoendelea, makao yake yako kwenye uwanja ule ule wa ICTP Trieste. Limekuwa likifadhili wanawake kusoma PhD kwenye vyuo vizuri vya nchi nyingine zinazoendelea, Afrika Kusini ikiwemo. Hiyo ni ya baadaye, liweke kichwani, na kila mwaka usome tangazo jipya badala ya kumwamini aliyeomba zamani. Matangazo mengi ya kawaida pia huandika kwamba wanawake wanahimizwa kuomba. Wewe liamini neno hilo, omba.

Mwaka wa kwanza hesabu kwanza. Anayeanguka fizikia mara nyingi anaangukia kwenye kalkulasi na aljebra ya mistari, fizikia inasingiziwa. Ukipata sapu, yaani kurudia mtihani, ya hesabu semista ya kwanza itakufuata mpaka kwenye transkripti ya mwisho. Likizo ndefu, usikae bure, jifunze Python mpaka uweze kuchora grafu ya mpira unaodunda ukizingatia ukinzani wa hewa. Ukiweza hilo, mwaka wa pili una kitu cha kumwonyesha mwalimu. Usimwendee mikono mitupu ukamwambia "naomba kufanya utafiti". Mwendee na grafu.

Na hudhuria semina za idara hata kama huelewi chochote. Kaa nyuma. Mwanzoni utaelewa kichwa cha habari tu. Wanaouliza maswali pale ndio utakaowahitaji baadaye.

#15 kiporo_cha_jana

Mkuu mimi niko mwaka wa tatu, GPA 3.4, nina sapu moja ya mwaka wa kwanza niliyoifuta. Ndoto za Trieste nizike? Na hiyo barua ya mapendekezo inaombwaje, maana nikimfikiria profesa wangu miguu inakufa ganzi.

#16 Nyuzi68

Usizike. 3.4 inakunyima baadhi ya nafasi, hasa zile zinazochuja kwa GPA kabla mtu hajasoma maombi. Lakini wanaochagua kwa kusoma faili lote wanaangalia somo lipi umepata ngapi. Kama kwantamu, mekanika ya kitakwimu na hesabu una B+ na kupanda, na hiyo 3.4 imetokana na makozi ya pembeni, sema hivyo kwenye barua yako kwa sentensi moja, usilie. Kama ni kinyume chake, basi tafuta masta kwanza, nyumbani au Kigali, utoke na alama zinazokusemea. Omba sehemu zaidi ya moja. Vyuo vya Marekani vingi vinatoza ada ya maombi, mara nyingi dola 75 na kuendelea, ila vingi pia vinasamehe ukiomba kwa barua pepe kabla ya kutuma fomu. Kuomba msamaha wa ada hakukupunguzii alama. Pasipoti tafuta sasa, usisubiri upate nafasi ndipo uanze kuhangaika na cheti cha kuzaliwa cha baba.

Barua: nenda ofisini, usimwombe kwenye korido wala kwa WhatsApp. Nenda angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho. Muulize hivi: "Profesa, unaweza kuniandikia barua nzuri ya mapendekezo?" Akisitasita, mshukuru na umtafute mwingine, maana barua ya vuguvugu inaua kuliko kutokuwa nayo. Akikubali, mpe bahasha au barua pepe moja yenye CV yako, transkripti, tangazo lenyewe, tarehe ya mwisho kwa wino mzito, na nusu ukurasa wa kumkumbusha ulichofanya kwake: projekti ilihusu nini, ulikwama wapi, ulitatua vipi. Profesa ana wanafunzi mia mbili, hata akikupenda hakumbuki. Wiki moja kabla, mkumbushe kwa adabu. Siku mbili kabla, mkumbushe tena. Hawakasiriki, wengine ndio wanakuwa wanasubiri ukumbusho huo.

Akikwambia "andika mwenyewe nitasaini", mwombe akupe angalau mambo matatu anayoyaona kwako, uyaweke kwa maneno yake. Wasomaji wa kamati wanaitambua barua iliyoandikwa na mwombaji tangu aya ya kwanza.

Nimeona PM za watu wanaoomba niwasomee CV. Tumeni, ila ziwe kurasa mbili, na toeni hiyo sehemu ya "hobi: kusafiri na kutazama mpira".